Uongo Uliokuja Kuwa Kweli

Ukimdanganya mtu leo, halafu baada ya miaka thelathini lile ulilomdanganya likaja kuwa kweli, je, bado ulisema uongo?

Linasikika kama swali la kutaniana barazani kahawa ikiwa haijapoa. Lakini kuna mahali ambapo jambo hili lilitokea hasa, tena kwa saini za serikali mbili, na nadhani linastahili jibu lisilo la mzaha. Mahali penyewe ni Harrison Point, ncha ya kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Barbados, kule Karibiani.

Barbados ni kisiwa kidogo. Eneo lake halifiki hata theluthi moja ya Unguja. Harrison Point iko St. Lucy, sehemu ya kaskazini kabisa, penye majabali na mnara wa taa uliojengwa mwaka 1925. Mwaka 1956 kisiwa kilikuwa bado koloni la Uingereza (kilipata uhuru tarehe 30 Novemba 1966). Mwaka huo Uingereza na Marekani walikubaliana kwamba Wamarekani wajenge hapo "kituo cha utafiti wa bahari". Mwaka 1957 kikafunguliwa. Uzio ukawekwa, wanajeshi wa majini wakaja na familia zao, wakacheza michezo yao, wakanunua vitu madukani kama wageni wengine. Mtu akiuliza mle ndani wanafanya nini, jibu lipo: wanachunguza bahari.

Walikuwa wanasikiliza nyambizi.

Mtambo wenyewe ulikuwa hivi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya mita 1,500 hivi kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Katika bahari kuu, ukishuka chini kiasi, kuna tabaka la maji ambalo huzuia sauti nzito isitawanyike juu wala chini, ikasafiri maelfu ya kilomita. Wamarekani walilaza vinasa sauti kwenye sakafu ya bahari, wakaviunga kwa kebo ndefu hadi vituo vya pwani. Ndani ya vituo hivyo, mashine zilizopangwa safusafu zilichora sauti hizo kwa sindano iliyokuwa ikiunguza karatasi, mchana na usiku. Mtu aliyefunzwa alikaa mbele ya karatasi zile akitafuta mistari fulani: hii ni injini ya meli ya mizigo, hii ni meli ya uvuvi, na hii, subiri kidogo, hii ni nyambizi. Mtandao mzima uliitwa SOSUS, na Barbados ilikuwa sikio lake mojawapo.

Na lilikuwa sikio kali. Julai 1962 kituo cha Barbados kiliitambua nyambizi ya nyuklia ya Kisovieti ikiingia Atlantiki kupitia ule upenyo mpana wa bahari kati ya Greenland, Iceland na Uingereza. Ni mara ya kwanza mtandao huo kuinasa nyambizi ya aina hiyo. Piga picha: watu wameketi kwenye chumba chenye joto la Karibiani, na chombo kinachopita kwenye maji ya barafu, zaidi ya kilomita 5,000 kutoka pale, kinawaandikia jina lake kwenye karatasi. Miezi mitatu baadaye ulitokea mgogoro wa makombora ya Kuba, dunia ikakaribia kuungua.

Kiswahili kina neno zuri la kazi hii: kudukiza. Tunasema kusikia, jambo linalokuja lenyewe. Tunasema kusikiliza, jambo la hiari na mara nyingi la heshima. Kudukiza ni kusikiliza kwa kujificha. Mke mwenza hudukiza, mtoto mtundu hudukiza, na dola kubwa nazo hudukiza. Sasa, sitaki kusema kwamba kudukiza nyambizi ni dhambi. Nyambizi zile zilibeba silaha za kuangamiza miji, na kila upande uliogopa kushtukizwa. Mtu anaweza kujenga hoja, na ni hoja nzito, kwamba masikio yale yalipunguza hofu na kwa hiyo yakapunguza uwezekano wa mtu kubonyeza kitufe kwa wasiwasi. Naikubali. Siwezi kuwalaumu kwa kumsikiliza adui.

Kinachonisumbua ni jirani.

Plato aliruhusu watawala wa mji wake wa kufikirika wawaambie raia uongo kwa manufaa ya mji. Kant, mwaka 1797, akaandika kwamba huruhusiwi kudanganya hata muuaji anayebisha mlango akimtafuta rafiki yako. Wengi wetu tunaishi mahali fulani kati ya hao wawili. Muuaji tutamdanganya, na usingizi tutalala. Lakini ukiutazama mfano wa Kant vizuri, kuna muuaji, kuna rafiki, na kuna mwenye nyumba. Katika kisa cha Harrison Point, muuaji ni adui aliye baharini. Mwenye nyumba je? Mwenye nyumba ni mtu wa St. Lucy, na yeye ndiye aliyedanganywa. Mgeni ameingia kwake, amejificha nyuma ya mlango wake, na hakumwambia kwamba kuna anayemwinda.

Maana vita ingezuka, kitu cha kwanza ambacho kila jeshi lingetaka ni kuyakata masikio ya mwenzake. Mkulima wa miwa aliyeishi kilomita mbili kutoka kwenye uzio ule aliishi jirani na shabaha. Hakuulizwa kama yuko tayari. Hata kama angekubali (na huenda angekubali, kwa sababu za uzalendo au za ajira), nafasi ya kukubali hakupewa. Kwenye meza ya mwaka 1956 walikaa wageni wawili, wakajadili ardhi ya mtu wa tatu, na kwenye karatasi wakaandika nusu ya kweli. Nasema nusu, kwa kuwa ili uinase nyambizi ni lazima uijue bahari: joto lake, kina chake, chumvi yake. Utafiti ulikuwepo. Ila nusu ya kweli ikiwekwa mahali pa kweli nzima inafanya kazi ileile ya uongo, tena kwa ustadi zaidi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ilikuwa ndefu. Kituo cha Barbados kilifungwa mwaka 1979, baada ya miaka 22, kazi yake ikiwa bado siri. Kazi ya mtandao mzima ilitangazwa rasmi mwaka 1991, Umoja wa Kisovieti ulipokuwa unasambaratika.

Na hapo ndipo kisa kinapogeuka.

Baada ya Vita Baridi, jeshi la majini la Marekani lilibaki na masikio ya gharama kubwa na adui aliyepungua. Wanasayansi wakaruhusiwa kuingia. Walichokuta kwenye zile karatasi ni nyangumi. Tangu miaka ya 1950 wasikilizaji wa kijeshi walikuwa wakinasa mdundo mzito wa hezi 20 hivi, chini kabisa ya sauti ambayo sikio la binadamu hulipata, wakauita "zimwi la Jezebel" kwa kutojua ni kitu gani. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Woods Hole wakaonyesha kwamba zimwi lile ni aina ya nyangumi, anayemwita mwenzake. Mwaka 1993 Christopher Clark, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, alitumia mitambo ileile kumfuata nyangumi mmoja wa buluu katika Atlantiki kwa siku 43, bila kumwona hata mara moja, kwa sauti yake tu. Na kule Pasifiki, kuanzia 1992 hadi 2004, William Watkins na wenzake walimfuatilia kiumbe aliyeimba kwa hezi 52, juu mno kuliko nyangumi wa buluu wanavyoimba. Magazeti yakambatiza "nyangumi mpweke kuliko wote duniani", watu wakamtungia nyimbo na kumlilia. Mlio wa nyangumi huyo ulinaswa kwa mara ya kwanza mwaka 1989 na vinasa sauti vilivyowekwa kutafuta nyambizi.

Kwa hiyo, utafiti wa bahari. Neno kwa neno. Lile lililoandikwa kwenye mkataba wa 1956 kama kifuniko, likaja kutendeka, na likatendeka vizuri. Leo tunajua mambo kuhusu safari za nyangumi ambayo tusingeyajua kama mataifa mawili yasingeogopana kwa miaka arobaini.

Je, uongo umefutika?

Wapo watakaosema ndiyo, na methali wanayo: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kifaa hakina kumbukumbu. Kisu kilichomchoma mtu kinaweza kumenya muhogo kesho. Kitu kihukumiwe kwa kinachofanya sasa. Ukibomoa kila jengo lenye historia mbaya, pwani yetu hii ingebaki na minazi tu. Fort Jesus ya Mombasa ilianzishwa mwaka 1593 ili Wareno waishike biashara ya Bahari ya Hindi kwa mzinga, ikawa gereza la Waingereza, na leo ni makumbusho ambako watoto wa shule huingia na daftari. Nani analalamika?

Hoja hii ina nguvu, na sehemu yake ya kwanza naikubali yote. Vinasa sauti havina dhambi. Lakini uongo haukuwa mali ya vinasa sauti. Ulikuwa kati ya watu na watu. Tuchukue mfano wa nyumbani. Jirani anakuja kukuomba kipande cha shamba, anasema atalima muhogo. Unampa. Kumbe kule nyuma ya migomba anapika gongo, na polisi wakija mwenye shamba ni wewe. Miaka inapita, anaacha, anahama. Baadaye mwanawe anarudi, na kweli analima muhogo, mtamu hasa, mpaka wewe mwenyewe unaletewa. Utaula. Hutamchukia kijana. Lakini akikwambia, "Unaona? Baba hakukudanganya," utaacha kutafuna.

Kwa sababu baba alikudanganya. Muhogo wa leo ni ukweli wa leo, umelimwa na mtu mwingine kwa sababu nyingine. Hauwezi kurudi nyuma ukakaa mahali pa uongo wa jana. Kilichoibwa siku ile, yaani nafasi yako ya kusema ndiyo au hapana ukiwa unajua, hakirudishwi kwa muhogo. Kweli iliyochelewa ni kitu chema, ila si ile iliyoahidiwa. Nadhani hapa ndipo wanaotetea "siri za lazima" hukosea hesabu. Hupima uongo kwa matokeo yake ya mwisho, wakasahau kwamba aliyedanganywa aliishi miaka yote iliyo katikati.

Na si yeye peke yake anayelipa. Hapa itabidi tuvuke bahari tuje kwetu, kwa sababu katika miaka hiyohiyo serikali hizohizo mbili zilikuwa na makubaliano mengine, juu ya kisiwa kingine. Mwaka 1960 Marekani na Uingereza zilikubaliana kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury. Safari hii walisema kweli. Kituo kilikuwa cha kupokea mawimbi ya redio kutoka angani, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa moja ya vituo alivyopita juu yake. Lakini wapo Wazanzibari waliokipinga tangu mwanzo, wakihofia ni kituo cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya iliamuru kiondoke, na mwaka huohuo kikaondoka.

Vitabu vingi vya wageni husimulia hofu ile kama ushamba: wenyeji hawakuelewa sayansi, wakadhani antena ni bomu. Mimi naisoma vingine. Wazanzibari walikosea kuhusu kituo chao, sawa. Lakini kanuni waliyoitumia ilikuwa sahihi. Walijiambia kwamba mkubwa akija kisiwani kwako na mitambo, uzio, na maelezo matamu ya kisayansi, inawezekana kuna kitu kingine nyuma. Barbados ilikuwa ushahidi kamili, ila siri ilikuwa bado haijatoka. Walioleta kweli Unguja walikataliwa kwa sababu ya tabia ambayo wao wenyewe walikuwa nayo upande wa pili wa dunia. Uongo ndivyo ulivyo: unaukopa kwa mmoja, na riba inatozwa kwa mwingine, mara nyingi kwa mtu mkweli.

Turudi Harrison Point, maana hadithi ya pale haikuishia 1979. Wamarekani walipoondoka, majengo na uzio vilibaki. Tarehe 29 Machi 2005 wafungwa wa gereza la Glendairy, lililojengwa mwaka 1855, walifanya ghasia na gereza likaungua. Wafungwa wapelekwe wapi? Ikatafutwa sehemu ya mbali yenye majengo na uzio. Ikapatikana. Kituo cha zamani kikawa gereza la muda hadi Oktoba 2007, gereza jipya la Dodds lilipofunguliwa. Kisha mwaka 2020 ukaja UVIKO-19. Wagonjwa watengwe wapi? Sehemu ya mbali, yenye majengo na uzio. Harrison Point ikawa kituo cha kuwatenga na kuwatibu.

Kwa hiyo wadukizi, wafungwa, wagonjwa. Ukiziangalia haraka utadhani kazi hizi tatu hazina undugu. Zinao. Zote zinahitaji ukuta kati ya walio ndani na walio nje. Jengo halina dhambi, nimekubali, lakini lina mazoea. Likijengwa kwa ajili ya kujitenga litaendelea kuvuta kazi za kujitenga, na atakayelirithi atafikiri amechagua mwenyewe. Unguja tunalijua hili. Kisiwa cha Changuu kilijengewa gereza mwishoni mwa karne ya 19, halikutumika kama gereza, likaishia kuwa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na homa ya manjano. Hadi leo watalii hukiita kisiwa cha gereza, jina la kitu ambacho hakikutokea. Ukuta uliongojea wafungwa ukapokea wagonjwa, na haukuona tofauti.

Sisi lakini lazima tuione. Na nikiulizwa tofauti iko wapi, jibu rahisi lingekuwa kwamba hospitali ni njema na kudukiza ni kubaya. Silitaki. Gereza nalo linaweza kuwa la haki, karantini nayo inaweza kuwa ya kikatili, na nimeshasema kudukiza kulikuwa na hoja yake. Tofauti naiona kwenye uzio: mtu aliye nje anajua nini kuhusu ndani?

Kuanzia 1957 hadi 1979 aliye nje aliambiwa nusu ya kweli. Mwaka 2005 alijua waliomo ni nani na wameletwa kwa nini, ingawa sauti za wafungwa, kama popote, hazikuvuka uzio kirahisi. Mwaka 2020 alijua. Serikali ilitangaza idadi ya wagonjwa hadharani, nchi nzima ilijua Harrison Point ni mahali gani, na mtu aliyelala mle ndani alikuwa shangazi wa fulani, dereva wa fulani, mwalimu wa fulani. Kwa mara ya kwanza, masikio yaliyokuwa nyuma ya uzio ule yaliwasikiliza watu wa kisiwa chenyewe. Daktari aliweka kifaa kifuani mwa mtu wa St. Lucy na kusikiliza mapafu yake, na huyo mtu alijua anasikilizwa, na alijua kwa nini.

Basi jibu langu kwa lile swali la mwanzo ni hili. Ndiyo, ulisema uongo, na kutimia kwake hakukusafishi. Nyangumi ni faida ambayo dunia iliipata. Malipo kwa waliodanganywa ni jambo jingine. Ukitaka kulitumia upya jengo la siri, usijisumbue sana kutafuta matumizi matakatifu. Anza kwa kumwambia jirani lilikuwa nini, umweleze sasa litakuwa nini, kisha umwache aseme. Akikataa, ujue hilo jibu alidaiwa tangu 1956.